Barua za Marekani na Dagaa wa Kibirizi

Mwaka 1975 gazeti la Wall Street Journal lilianza kuwatumia watu barua ya kuwashawishi wajiandikishe kulisoma. Aliyeiandika anaitwa Martin Conroy. Inaanza na vijana wawili waliomaliza chuo kimoja alasiri moja nzuri, miaka ishirini na mitano nyuma, wakiwa wamefanana karibu kwa kila kitu. Sasa wamerudi chuoni kuonana na wenzao. Wote wameoa, wote wana watoto watatu, wote wanafanya kazi kampuni moja. Ila mmoja ni mkuu wa idara ndogo, na mwenzake ndiye bosi wa kampuni nzima. Barua hiyo iliendelea kutumwa, ikiguswa hapa na pale tu, hadi 2003. Kwa miaka yote hiyo kila aliyejaribu kuandika nyingine ya kuishinda alishindwa.

Mimi nauza dagaa na mawese Kigoma. Barua hiyo ilinifikia kwenye simu, ndani ya faili la PDF alilonitumia binamu yangu anayefanya kazi ya matangazo Dar es Salaam, pamoja na nyingine za zamani za Marekani, zimepigwa chapa kwa taipureta, nyingine zimefifia hadi unasoma kwa kukisia. "Soma hizi dada, uache kuandika dagaa bora kwa bei nafuu," aliniambia. Alikuwa na haki. Pitia grupu lolote la biashara uone: kila mtu ana dagaa bora, kila mtu ana bei nafuu, na anayetaka kuwazidi wenzake anaongeza vile vimoto vitatu.

Nilichapisha barua kadhaa kwenye duka la stesheneri pale Mwanga, nikanunua kaunta buku, nikaanza kuzinakili kwa mkono. Ushauri huo ni wa Gary Halbert, mwandishi wa barua za biashara aliyefungwa gereza la Boron, California, mwaka 1984, na huko ndani akawa anamwandikia mwanawe barua za kumfundisha kazi. Alimwambia asiishie kuzisoma barua zilizouza, azinakili neno kwa neno kwa mkono wake mwenyewe. Mama alinikuta nanakili jioni, akauliza kama nimerudi shule na ada analipa nani.

Kunakili kunachosha, lakini mkono hauwezi kuruka mstari kama macho yanavyoruka. Mkono ndio ulionionyesha kwamba aya zao ni fupi mno, nyingine sentensi moja tu, na mara nyingi inakatika mahali ambapo swali limeulizwa na jibu liko chini. Ulinionyesha pia Conroy anavyojikinga. Baada ya kisa chote kile cha vijana wawili, anasema wazi kwamba hawezi kukuahidi mafanikio ya papo hapo ukianza kusoma gazeti lake. Anachoahidi ni kwamba litakuvutia, utaweza kuliamini na litakufaa. Kisa kimeshakupeleka mbali, ahadi yenyewe imebaki ndogo, ya kutekelezeka. Nilipoisoma mara ya kwanza sentensi ile niliipita bila hata kuiona.

Kuna njia nyingine niliyoichanganya na hiyo. Benjamin Franklin, akiwa kijana Boston, alichukua makala za gazeti la Spectator la Uingereza, akaandika dokezo fupi la kila sentensi, akaweka kando siku kadhaa, kisha akaandika makala yote upya kutokana na madokezo yale na kulinganisha na ya awali. Nilifanya hivyo, ila mimi nilikuwa naandika upya kwa Kiswahili, na mahali pa bidhaa yao naweka dagaa. Hapo ndipo ulimwengu wao na wetu ulipoachana. Barua zile zinaingia moja kwa moja bila hata hodi. Mama mwenye mgahawa Dodoma, mtu wa makamo, ukimfungulia maneno bila shikamoo umeshafunga biashara mwenyewe.

Lakini salamu zetu nazo zina gharama yake, na hili nililielewa kwa Halbert huyohuyo. Alikuwa akisema kwamba Mmarekani hupanga barua zake akiwa amesimama karibu na pipa la taka: fungu moja ni la barua zinazoonekana kutoka kwa mtu, fungu la pili ni la matangazo, na hilo la pili linaweza kwenda pipani bila kufunguliwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya barua ni kuingia fungu la kwanza. Kwetu barua za posta watu wanazifuata kwenye sanduku, tena siku hizi ni bili na barua za ofisi tu. Fungu letu liko kwenye WhatsApp. Simu ikilia, mtu anaona jina na mstari mmoja wa mwanzo, basi. Huo mstari ndio bahasha. Ukiujaza "Shikamoo mama, habari za siku nyingi, poleni na majukumu, natumaini hamjambo nyote hapo nyumbani", bahasha imejaa na hakuna kilichosemwa. Ujumbe wenye alama kwamba umesambazwa mara nyingi ndio kabisa, uko pipani tayari. Sasa salamu na habari nazipanga mstari mmoja: "Shikamoo mama, dagaa wa giza hili tumeanza kuwaanika leo." Giza ni zile siku zisizo na mbalamwezi, ndizo za kuvua. Nikimwandikia kijana mwenzangu natoa shikamoo, naweka jina lake.

Barua ya Halbert iliyompa jina ni ya mwaka 1971, ya ukurasa mmoja tu. Inamuuliza Bwana Macdonald kama anajua kwamba jina la ukoo wake lina nembo ya kale iliyoandikishwa karne nyingi zilizopita. Imesainiwa na mke wa Halbert, kwa sauti ya jirani: yeye na mumewe wameligundua hilo walipokuwa wakiwatafutia habari marafiki zao wenye jina hilohilo. Wanaweza kukupa maelezo na mchoro kwa dola mbili. Barua hiyo, jina likibadilishwa kwa kila ukoo, ilitumwa kwa mamilioni ya watu. Unaposoma huoni tangazo. Hakuna sentensi inayomsifu muuzaji, kila kitu ni Macdonald na ukoo wake.

Nimeinakili barua hiyo kuliko nyingine zote, na bidhaa yake nisingeiuza. Kwa desturi ya Uingereza nembo hupewa mtu na kizazi chake, haipewi kila mwenye jina lile. Macdonald wa Ohio aliweza kabisa kununua nembo ya mtu asiyemhusu. Nalitaja hili kwa sababu wanaofundisha uandishi wa matangazo huwa hawalitaji, na mtu anayejifunza kwa barua zilizouza anatakiwa akumbuke kwamba kuuza ni kitu kimoja na bidhaa kufaa ni kitu kingine. Kwenye faili lile kuna barua za dawa za kupunguza mwili na za utajiri bila jasho ambazo ziliuza sana, na ufundi wake ni wa juu. Nazisoma kama mtu anavyotazama mapigo ya bondia asiyempenda.

Ed Mayer, mmoja wa wakongwe wa biashara hiyo ya barua, alikuwa na kanuni: asilimia 40 ya matokeo inatokana na unaowaandikia, 40 nyingine na unachowapa na masharti yake, na 20 iliyobaki ndiyo maneno na mwonekano. Ni kanuni ya watu wa kazi, hakuna aliyeipima kwa mzani. Lakini ilinifanya niache kaunta buku kwa muda na kufungua daftari la mama. Mama ana daftari la wateja la miaka na miaka, na ameandika kwa jinsi anavyowakumbuka: mwalimu mrefu wa Kasulu, mama wa mgahawa Dodoma, yule wa ofisini anayependa wakubwa wakubwa, shemeji yake fundi. Namba za simu ziko pembeni, nyingine zimekatwa mara mbili kwa kuwa mtu alibadilisha laini. Majina hayo niliyahamishia kwenye simu yangu, nikaongeza alichonunua kila mtu, mara ya mwisho lini, na kama anakula au anauza rejareja. Anayekula anataka usafi na ladha. Anayeuza anataka uzito na siku mzigo unafika. Kuwaandikia ujumbe mmoja ni kuwaandikia wote nusu.

WhatsApp ina ile orodha ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mpigo, kila mmoja akaupata peke yake. Orodha moja haizidi watu 256, na haufiki kwa mtu ambaye hajahifadhi namba yako. Wenzangu wanalalamikia masharti hayo. Mimi nayapenda. Aliyehifadhi namba ya muuza dagaa kwenye simu yake amekwisha kukufungulia mlango.

Sasa habari ya mchanga kwenye dagaa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopata faida kubwa kuliko popote.

Claude Hopkins alianza maisha ya kazi akiwa mweka hesabu kwenye kampuni ya Bissell, watengenezaji wa mashine za kufagia mazulia. Aliomba aachiwe kuuza kwa barua, akawaandikia wenye maduka kuwapa wazo la kuziuza kama zawadi za Krismasi. Kwa maelezo yake mwenyewe, barua kama 5,000 zilileta oda 1,000. Baadaye, akiwa mwandishi wa matangazo, alipewa kazi ya bia ya Schlitz wakati kila kampuni ilikuwa inapiga kelele kwamba bia yake ni safi. Alikwenda kiwandani. Akaona vyumba vya vioo vyenye hewa iliyochujwa, ambamo bia ilikuwa inapozwa isichafuke, akaona chupa zinaoshwa mara nne, akaonyeshwa visima virefu vya maji. Akauliza kwa nini hawawaambii watu. Wakamjibu kwamba kila mtengeneza bia anafanya hivyohivyo. Hopkins aliandika yote aliyoyaona, na Schlitz ikapanda kwa kusema jambo ambalo wote wangeweza kulisema na hakuna aliyekuwa amelisema.

Nilimuuliza mama, "Mama, dagaa wetu kwa nini hawana mchanga?"

"Si tunaanika kwenye chanja."

"Mbona hatuwaambii wateja?"

"Mwanangu, nani hajui chanja?"

Pale Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma, ni kweli, hakuna asiyejua. Wapo wanaomwaga dagaa chini ufukweni, wanakauka haraka na gharama ni ndogo, na wapo wanaotandaza juu ya chanja zenye wavu. Lakini mtu aliyeko Mbezi hajawahi kuona hata kimoja. Yeye anajua tu kwamba dagaa wana mchanga, anadhani ndivyo walivyoumbwa. Nilirudi kwenye meseji za zamani za wateja nikazisoma zote, nikiandika pembeni maneno yao kama yalivyo. "Wanakwaruza meno." "Nimeosha maji matatu bado." "Baba watoto kaacha kula kisa mchanga." Robert Collier, bingwa mwingine wa barua za biashara, alishauri mwandishi aingie kwenye mazungumzo yanayoendelea tayari kichwani mwa msomaji. Mimi yangu nilikuwa nimeandikiwa na wateja wenyewe, bure.

Ujumbe uliotoka hapo ni huu, na mpaka leo nautuma kwa mteja mpya:

"Shikamoo mama, dagaa wanaokwaruza meno huwa wameanikwa chini. Wakimwagwa ufukweni wakiwa wabichi, mchanga unawaganda, na ukiwaosha maji matatu ladha nayo inaondoka na maji. Sisi tunaanika juu ya chanja ya wavu, urefu wa kiuno, upepo unapita juu na chini. Wingu likijikusanya tunawafunika. Kabla ya kufunga tunawapepeta kwenye ungo na kutoa waliovunjika. Chukua kilo moja ujaribu. Ukikuta mchanga nipigie picha, narudisha pesa yako yote, na dagaa ubaki nao."

Hakuna neno bora mle ndani wala neno nafuu. Binamu alitaka niongeze kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na ni la pili duniani kwa kina. Nilijaribu toleo hilo kwa nusu ya orodha, na nusu nyingine nikawapelekea la mchanga. Wamarekani walikuwa wanaweka alama ndogo kwenye kuponi ili wajue tangazo gani limeleta oda. Mimi nilimwambia kila mteja aanze oda yake kwa neno moja, upande huu CHANJA, upande ule ZIWA. Chanja ilishinda kwa mbali. Kina cha ziwa ni fahari yetu sisi, hakiingii kwenye sufuria ya mtu. Tulijaribu pia toleo zuri sana, la taa za wavuvi usiku zilivyotanda majini kama mji, toleo nililolipenda mno. Watu walijibu "kazi nzuri dada", wakanitumia mikono ya kupongeza, hawakununua.

Ile ahadi ya kurudisha pesa ndiyo iliyoleta ubishi nyumbani. Montgomery Ward, aliyekuwa akiuza kwa katalogi za posta, aliahidi mwaka 1875 kwamba usiporidhika unarudishiwa pesa, na hakufilisika. Mama hakutaka kusikia habari za Montgomery. "Watu wa Dar watatula," alisema. Waliowahi kudai ni wachache, na mmoja wao alikuwa na haki kabisa, picha ilionyesha. Kilichobadilika ni huku kwetu. Wasichana wanaotusaidia kupepeta walianza kuchelewa kumaliza kazi, maana mama alikuwa anapitia kila ungo kabla mfuko haujafungwa. Ahadi niliyodhani naiandika kwa ajili ya mteja ilikwenda kumbana muuzaji.

Kuhusu kuharakisha watu, barua nyingi zile zina tarehe ya mwisho, na nyingi ni za kubuni. Sisi hatuna haja ya kubuni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, na taa zinafanya kazi vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikikaribia kujaa wavuvi wanapumzika, mwalo unapoa, bei inapanda. Mteja wa Dodoma hana habari kwamba chakula chake kinafuata mwezi. Nilipoanza kumweleza, "giza linaisha wiki ijayo, baada ya hapo tutakaa siku kadhaa bila mzigo mpya", hakuona kwamba anasukumwa, aliona amepewa habari. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, niliwaandikia wateja mapema, nikaeleza sababu, samaki waachwe wazaliane, na nikasema akiba yetu ni kiasi gani. Iliisha kabla ya tarehe. Wenzangu wanaoandika "zimebaki chache" kila Jumatatu walisema hivyohivyo, ila nani angewasadiki?

Jambo moja la ufundi nilipindue, maana kwenye simu halifanyi kazi kama walivyofundisha. Profesa Siegfried Vögele wa Ujerumani alichunguza macho ya msomaji yanavyotembea juu ya barua, akakuta wengi wanarukia ile nyongeza ya chini, baada ya sahihi, kabla ya kusoma barua yenyewe. Ndiyo maana barua hizo karibu zote zina nyongeza, na humo ndimo wanamoweka bei au tarehe. Kwenye WhatsApp ujumbe mrefu unakatwa katikati, mtu mpaka abonyeze asome zaidi, kwa hiyo nyongeza yako imefukiwa. Mimi naitenga. Natuma ujumbe, nasubiri kidogo, kisha natuma mstari mmoja peke yake: "Basi linaondoka Alhamisi alfajiri, oda nafunga Jumatano saa kumi." Simu inaonyesha ujumbe wa mwisho juu kabisa, kwa hiyo nyongeza ndiyo inayosomwa kwanza, kama alivyosema Profesa, kwa njia ambayo hakuifikiria.

Mawese ndiyo yamenisumbua. Kwa mtu asiyeyajua hakuna barua iliyonisaidia hadi sasa. Rangi inamtisha, harufu haijui, na mteja wa Arusha alidhani yameharibika kwa kuwa yaliganda kwa baridi. Eugene Schwartz aliandika mwaka 1966 kwamba wasomaji wanatofautiana kwa kiasi wanachojua: yuko anayekijua kitu chako na anangoja bei tu, yuko anayejua shida yake lakini hajui dawa, na yuko asiyejua lolote, na huyu ndiye mgumu na ghali kuliko wote. Niliandika na kufuta, nikaeleza michikichi, nikaeleza maharage yanavyokolea, nikaweka na picha. Kimya.

Kisha nikapitia daftari na kuweka alama kwa kila mteja wa Dar mwenye kwao Kigoma. Ujiji, Kasulu, Kibondo, Uvinza, wapo wengi kuliko nilivyodhani. Hao niliwaandikia mstari mmoja, bila kisa, bila chanja, bila ahadi: "Mawese mapya ya wiki hii, dumu la lita tano, basi la Alhamisi." Yaliisha siku hiyohiyo. Mmoja alijibu kwa kuniuliza tu kama migebuka nayo ipo, wale samaki wa Tanganyika.

Mama anasema ndicho alichokuwa akiniambia siku zote. Mimi sikumbuki akiniambia, lakini giza linalofuata natafuta migebuka.